Niliweka milioni tisa benki ili nipate viza ya Uswisi, wakaninyima

BARUA

Dada habari za kazi, na shikamoo kama umenizidi maana umri wako siujui. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nipo Mbeya nauza mchele wa jumla pale Mwanjelwa, mpunga nafuata mwenyewe Mbarali na Kyela nakoboa nauza, mwaka wa tisa sasa. Sina mwajiri wala mshahara ila ada ya watoto sijawahi kumkopa mtu.

Shida yangu ni hii. Mdogo wangu wa kuachiana ziwa ameolewa Uswisi, yupo mji unaitwa Winterthur karibu na Zurich, mwaka huu kajifungua mtoto wa kwanza. Mama yetu alishatangulia mbele za haki kwahiyo kwa huyu mtoto mimi ndo mama mkubwa na ndo bibi humohumo. Akaniomba niende nikae naye wiki nne mwezi wa sita, na mimi kusema kweli nilishaanza kuona nimefika, nimeshanunua na khanga za kumbebea.

Tukaanza mchakato. Mdogo wangu akaandika barua ya mwaliko, kaandika vizuri tu kwamba dada yangu anakuja kunisaidia kulea mtoto mpaka nipate nguvu, akaweka na kopi ya kibali chake cha kuishi. Mi nikaenda kuchukua steitimenti benki. Sasa kwenye akaunti yangu kulikuwa na milioni mbili na ushee tu maana hela yangu mimi haikai benki, inakaa kwenye magunia, wateja wananilipa kwa simu au mkononi na mimi nalipa wakulima mkononi. Tukasikia kule wanataka mtu awe na faranga mia kwa kila siku atakayokaa, tukapiga hesabu siku ishirini na nane ni faranga 2,800, kwa hela yetu inakaribia milioni tisa. Shemeji akanitumia yote kwa mkupuo. Iliingia Jumatatu, Jumatatu iliyofuata nikaenda benki wakaniprintia steitimenti wakagonga muhuri nikasema hapa kazi imeisha.

Nikapanda basi la usiku mpaka Dar kupeleka maombi. Pale kwenye alama za vidole ikawa kioja, mashine inakataa vidole vyangu, yule binti wa kaunta ananiambia bonyeza tena mama, bonyeza tena, mara ya nne akafuta kioo na kitambaa akaniangalia mikono akasema mama vidole vyako vimefutika. Ni magunia hayo. Nyuma yangu foleni watu wanakohoakohoa. Mwisho vikakubali, nikalipa yuro 90 za viza na hela ya huduma ya kituo juu yake, nikarudi Mbeya kusubiri.

Wiki ya tatu pasipoti ikarudi na karatasi ya kukataliwa. Wametiki sehemu mbili, moja inasema sijathibitisha kuwa na uwezo wa kujikimu, ya pili inasema wana mashaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Dada nililia sikufichi. Milioni tisa si hiyo hapo? Na nina mume, nina watoto, nina nyumba, nina stoo imejaa mchele, sasa nisiporudi naenda wapi?

Naomba unisaidie mambo haya. Karatasi inasema naweza kukata rufaa ndani ya siku 30, nikate au niombe upya? Halafu kuna kaka mmoja hapa mjini anashughulika na viza, anasema kosa langu ni kujiandika mfanyabiashara, anataka milioni moja na nusu anitengenezee barua ya ajira ya shirika Dar na bukingi ya hoteli nchi nyingine ya hukohuko Ulaya ambako anasema viza zinatoka kirahisi, nikishafika napanda treni naenda kwa mdogo wangu. Pia mdogo wangu amesikia kuna dhamana ya faranga 30,000, shemeji amesita, ni mtu mzuri ila hizo hela hana na sitaki nilete maneno kwenye ndoa ya watu. Na mwisho nikipata nibebe shilingi ngapi, maana nasikia kule hata maji ya kunywa unaweza kulia.

Mama Mchele, Mbeya


MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, nimekuzidi, tena siyo kidogo. Pole kwa hiyo karatasi, naijua inavyochoma. Ahsante pia kwa picha za steitimenti na ya barua ya mdogo wako ulizonitumia nilipokuomba, nimekaa nazo jana jioni nimezikuza kwenye simu mstari kwa mstari kama anavyofanya yule anayekaa na faili lako.

Tuanze na hiyo steitimenti. Nilichoona ni hivi, elfu themanini inaingia, laki na nusu inatoka, wiki mbili kimya, laki mbili inaingia inatoka siku hiyohiyo, miezi mitatu yote mwendo ni huo, halafu ghafla mstari mmoja milioni tisa kutoka nje, na siku saba baadaye muhuri wa benki. Wewe pale uliona uthibitisho wa hela, mwenzio ameona hela ya kuazima. Na ni ya kuazima kweli! Hao watu wanaona steitimenti kila siku ya Mungu, hela iliyopita kusalimia wanaitambua hata bila kuvaa miwani. Wanachotafuta ni hela inayoishi na wewe, inaingia kidogo inatoka kidogo na kila mwisho wa mwezi kuna kinachobaki. Heri milioni tatu zako zenye historia kuliko tisa za shemeji zenye wiki moja.

Hapo ndo penye ugonjwa wenyewe, na huo wa pili wa kutorudi unatoka hapohapo. Una biashara ya miaka tisa, lakini kwenye faili ulilopeleka hiyo biashara haipo. Nimekuuliza uliambatanisha nini, ukanijibu leseni ya biashara ya mwaka huu na picha za stoo. Basi. Mtu aliyekaa ofisini, hajawahi kuiona Mwanjelwa, hajui kwamba hayo magunia mia kadhaa kwenye picha ni yako na siyo ya jirani, atajuaje? Kwake wewe ni mama asiye na mwajiri, mwenye milioni mbili, aliyetumiwa tisa na ndugu, anayetaka kwenda kukaa mwezi mzima kwa mdogo wake, na barua ya mwaliko inasema anakwenda kulea mtoto. Soma tena hiyo sentensi kwa macho ya mgeni. Huyo ni yaya.

Ndiyo, najua, kwetu dada kwenda kwa mdogo wake aliyejifungua kumkandia maji na kumpikia uji wa pilipili manga ni desturi wala siyo kazi, na asipoenda ndo ajabu. Ila kule kulea mtoto nyumbani kwa mtu ni kazi inayolipiwa, na viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi. Simlaumu mdogo wako, kaandika ukweli wa moyo wake. Ila safari hii barua iseme unakwenda kumtembelea na kumuona mtoto wa ndugu yako, utafikia kwao anuani ile, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, chakula na malazi ni juu ya nani, basi. Ukifika ukimkanda ni mambo yenu ya chumbani.

Sasa rufaa. Kwa Uswisi hiyo kitu inapelekwa kwenye ofisi yao ya uhamiaji ya taifa, SEM, ndani ya siku 30 tangu upewe karatasi, inaandikwa kwa lugha mojawapo ya kwao, maana yake Kijerumani, Kifaransa au Kiitaliano, na kuna ada unatanguliza, faranga 200. Wakikataa hapo ndo unaenda mahakama yao ya utawala iliyopo St. Gallen na huko gharama inapanda tena. Mimi ningekushauri ukate kama faili lako lilikuwa zima na wao ndo wamekosea, kwa mfano karatasi ipo wao wanasema haipo. La kwako halikuwa zima. Utakuwa unawalipa laki sita wakuambie kile ambacho mimi nimekuambia bure. Kuomba upya hakuna kipindi cha kusubiri, hata kesho unaweza, ila ukienda kesho na karatasi zilezile majibu ni yaleyale na yuro 90 nyingine imekwenda.

Kwahiyo usiende kesho. Kwanza mrudishie shemeji hela yake, leo. Halafu kuanzia wiki hii kila jioni au kila baada ya siku mbili mauzo yako peleka benki, hata kama kesho yake asubuhi unazitoa kwenda kununua mpunga, wewe ziweke tu zipite pale. Najua utaniambia makato, ndiyo, makato yapo, yahesabu kama nauli ya kwenda Ulaya. Wateja wakubwa wa jumla waambie walipe kwenye akaunti moja kwa moja. Fanya hivyo miezi minne mitano, bahati yako sasa hivi ndo msimu, hela inazunguka, itaonekana. Na ile laini ya simu unayopokelea malipo nenda ofisi ya kampuni yenyewe siyo kwa wakala, uombe steitimenti ya miezi sita yenye muhuri, hiyo nayo ni ushahidi na watu wengi wanaisahau kwa kudhani hela ya simu siyo hela.

Upande wa biashara nataka uwe na cheti cha BRELA cha jina la biashara, leseni ya mwaka huu na ya miaka ya nyuma kama unazo, TIN na risiti za kodi za TRA, mkataba wa stoo na risiti za mashine ya kukobolea. Ukiniambia jina la biashara hujasajili basi sajili sasa, usisubiri viza, ni jambo la heri tu. Upande wa familia cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya shule kwamba wanasoma na ada imelipwa, na hati ya hiyo nyumba kama ipo. Chochote kilichoandikwa Kiswahili kitafsiriwe Kiingereza na mtu anayetambulika, usimpe mtoto wa jirani.

Na hili linaangusha wengi kimyakimya, cheti chako cha kuzaliwa na cha mdogo wako viwekwe pamoja. Undugu wenu kwenye faili la kwanza umethibitishwa na nini? Na neno lenu tu! Angalia majina ya wazazi yafanane herufi kwa herufi, maana sisi baba mmoja anaweza kuandikwa Mwakalinga kwa huyu na Mwakalonge kwa yule kisa karani alikuwa na haraka. Yakitofautiana nenda kwa wakili mkaape kiapo mapema, usingoje wiki ya mwisho.

Umeniambia pia ulishaenda sana Malawi na Zambia kupeleka mzigo, na pasipoti ya zamani ikajaa mihuri ukachukua mpya. Ile ya zamani iko wapi? Umeiacha kabatini Mbeya! Mdogo wangu jamani. Mtu anauliza kama huwa unarudi nyumbani, na wewe una kitabu kizima cha mihuri ya Kasumulu na Tunduma kinachoonesha ulitoka ukarudi, ukatoka ukarudi, na umekifungia na vitenge. Kipeleke pamoja na kipya, na toa kopi kurasa zote zenye mihuri.

Halafu tarehe. Uliomba kwenda mwezi wa sita wiki nne. Mwezi wa sita mpunga wa Mbarali si ndo unashuka? Mfanyabiashara gani wa mchele anaacha msimu wa kununua akakae Ulaya mwezi mzima? Pengine yule wa ubalozi hajui msimu, ila wewe unaujua, na ungeweza kuutumia. Omba kwenda mwezi wa pili au wa tatu, siku kumi na nne tu, na kwenye barua yako andika wazi kwamba mwezi wa tano unaanza kununua mpunga na lazima uwepo, kila mwaka ndo hivyo, na risiti za msimu uliopita ambatanisha. Hiyo ni sababu ya kurudi inayoeleweka na mtu yeyote, ni bora kuliko kuandika naipenda nchi yangu. Siku kumi na nne nazo zinapunguza ile hesabu ya faranga mia, kutoka 2,800 zinakuwa 1,400. Najua mtoto atakuwa ameshaanza kukaa, basi utamkuta anacheka, na khanga hazijaoza.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, na kwa kawaida wanajibu ndani ya siku 15 ila wakitaka kuchunguza wanaweza kwenda mpaka 45. Kwahiyo kwa safari ya mwezi wa pili peleka mwezi wa kumi na moja, usisubiri Krismasi ofisi zinalegea. Tiketi usinunue, chukua bukingi tu, ukishapata viza ndo ulipie. Bima inunue, lazima ilipe angalau yuro 30,000 na ihusu matibabu na kurudishwa nyumbani, na tarehe zake zifunike safari yote, uliza kabisa kabla ya kulipa kama viza ikigoma wanarudisha.

Barua yako ya maelezo iwe ukurasa mmoja. Nasema hivi kwa uchungu, mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kunyimwa na ubalozi mmoja siutaji, nilienda na faili nene kama la kesi ya ardhi, kulikuwa na hati ya kiwanja cha marehemu baba, kulikuwa na picha za harusi ya binamu, kulikuwa na cheti cha kipaimara sijui nilikiwekea nini, lakini karatasi moja inayosema nakwenda wapi kufanya nini na narudi lini haikuwepo. Yule mama dirishani alifunuafunua akaniuliza, sasa unakwenda kufanya nini? Nikaanza kuhadithia.

Huyo kaka wa milioni moja na nusu. Kishoka ni kishoka hata akivaa tai. Kwanza sheria yao ni kwamba unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na wewe siku zote unakaa Uswisi. Uswisi siyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini ipo ndani ya kundi la nchi za Ulaya liitwalo Schengen tangu mwisho wa 2008, viza ni moja na kompyuta ni moja. Vidole vyako vile vilivyowasumbua vimo mle, ukienda ubalozi mwingine na barua ya ajira ya shirika wanafungua wanakuta mwaka huuhuu ulikuwa mama wa mchele Mbeya. Leo umetikiwa uwezo na mashaka, hayo yanarekebishika kwa karatasi. Kughushi ni kisanduku kingine kabisa, hicho hukitoi kwa barua ya maelezo, na kila utakapoomba mbele kitakuwa kinakusubiri. Na hata ukipenya, ukitua uwanjani wakakuuliza hoteli yako iko mtaa gani utasemaje, wakati begi limejaa nguo za mtoto? Viza inafutwa palepale unarudi na ndege ileile. Yeye milioni na nusu yake ameshakula, simu haipatikani.

Tuje kwa shemeji, na hapa naomba umpelekee mdogo wako haya maneno kama yalivyo. Hizo faranga 30,000 haziwekwi benki wala hazilipwi kwa mtu. Ni fomu, anasaini kwamba huyu mgeni akiumwa, akikwama, akishindwa nauli ya kurudi, serikali ikaingia gharama, mimi nitalipa mpaka kiasi hicho. Fomu yenyewe inatoka ubalozini, wakiona inahitajika wanakupa wewe muombaji unamtumia yeye, anaipeleka ofisi ya serikali ya kule anakoishi wanapima kipato chake kama anaweza kubeba. Ile bima ya yuro 30,000 ndo inayotangulia kwenye mambo ya hospitali, kwahiyo hofu yake nyingi imefunikwa hapo. Ila akisita mwacheni asite. Ni mkewe aongee naye, siyo wewe, na usimtumie ujumbe wa WhatsApp wa kumlilia. Kwa mila zetu shemeji akikataa dhamana ni tusi, kwao kusaini deni la faranga elfu thelathini bila kulala nalo siku mbili ndo kituko. Na akisaini bado siyo ahadi ya viza, wanaweza kukataa kwa lile la kurudi, ndo maana nimekukalisha sana kwenye biashara yako.

Chagueni kitu kimoja tu, ama unajilipia wewe ama wanakulipia wao, na karatasi zote ziseme hivyohivyo. Faili la kwanza barua ilisema utakuwa juu yao, fomu umeandika unajilipia, na hela kwenye akaunti ni ya shemeji. Mngekuwa watatu mahakamani mngefungwa wote.

Kuhusu hela ya kubeba. Unafikia kwa ndugu, kula na kulala hupangi, kwahiyo hela yako ni ya matembezi na heshima ya kutokaa mikono mitupu. Bei zao usizizidishe kwa shilingi kila mara utaumwa kichwa, kikombe cha kahawa faranga tano hivi yaani kama elfu kumi na tano, kebabu ya mtaani inakula zaidi ya elfu thelathini, na treni ndo usiseme, mdogo wako akukatie tiketi za punguzo mapema. Ukibanwa na njaa mjini ingia migahawa ya ndani ya maduka makubwa ya Migros na Coop ni nafuu kidogo. Maji ya kunywa ndo amekudanganya aliyekwambia, Zurich mjini kuna chemchemi za mtaani zaidi ya elfu moja na maji yake ni salama, unabeba chupa yako unakinga bure. Jumapili maduka mengi yamefungwa, nunueni Jumamosi. Mwezi wa pili ni baridi siyo ile ya Mbeya ya Julai, koti usinunue Tanzania, mdogo wako akuazime.

Maparachichi ya Rungwe usibebe, najua umeshafikiria. Matunda kutoka nje ya Ulaya yanataka cheti cha afya ya mimea, na samli na nyama kavu ndo hayaingii kabisa, utayaacha uwanjani huku unaangalia.

Ukipata, toka siku uliyosema utatoka. Tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili kuingia na kutoka kwa mashine, vidole na sura, siku moja ya ziada inaonekana. Ukienda vizuri ukarudi vizuri, safari tatu ndani ya miaka miwili, unaweza kuanza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka, na hapo mtoto atakuwa anakuita mama mkubwa kwa Kijerumani.

Vidole vyako wanavitunza miezi 59, kwahiyo ukipeleka maombi mapya waambie ulishachukuliwa mwaka huu, wanaweza wasikusumbue tena. Ila usiamini sana. Wiki moja kabla ya kwenda Dar mwachie kijana wa stoo magunia, kila usiku paka glisirini ukalale na soksi mikononi, na kwenye basi usiku ule usipeleke mkono kwenye gunia la mtu.